Raba Kati ya Chuma na Chuma

Vitabu vya historia tulivyosoma shuleni vilitaja Reli ya Kati, bandari, Azimio la Arusha na Vita vya Kagera. Sikuona hata kimoja kilichotaja bushi. Lakini mimi, ndugu msomaji, nimefikia kuamini kwamba mtu anayetaka kujua jinsi Dar es Salaam ilivyoendelea kutembea katika miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimekwama, hana budi aulize habari za bushi. Na akaulize kwa wenyewe, mafundi wa Tandika, Keko, Mwananyamala, Manzese na Tandale, maana wizarani hawatamwambia.

Kwa asiyejua, bushi ni kipande cha raba chenye umbo la mkebe mdogo, kina tundu katikati, na mara nyingi kimenatishwa kati ya vipande viwili vya bomba, kimoja ndani ya kingine. Kinakaa pale mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele unapoungana na chasi. Mafundi wetu mkono huo wanauita ami. Gurudumu likipanda tuta na kushuka shimoni, ami nayo inapanda na kushuka, na raba inajinyonga kidogo kisha inarudi ilivyokuwa. Hiyo tu ndiyo kazi yake: kujinyonga na kurudi, mara maelfu kwa siku, ili chuma kisisage chuma. Ikichoka, dereva ataisikia kabla ya kuiona. Gari linagonga ko-ko-ko kwenye mashimo. Usukani unacheza. Tairi linaliwa upande mmoja. Na akikanyaga breki, gari linavuta pembeni kama mbuzi anayepelekwa machinjioni.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Mjomba wangu ni fundi, gereji yake iko chini ya mwarobaini huko Tandika. Haina ukuta, haina bango. Wakubwa wanaziita hizi gereji bubu. Sijui ububu wake uko wapi, maana nyundo zinaanza kulia saa moja asubuhi. Hapo ndipo nilipojifunza kupokeza spana kabla sijajua kusoma vizuri, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyasikia pale, kisha nikaenda kuyalinganisha na vitabu.

Tuanze na raba yenyewe, maana nayo ina asili yake. Watu wa nchi hii waliijua raba kabla hawajaona gari. Neno mpira, mbali ya kuwa kitu cha kupiga danadana, ni jina la mmea unaotoa utomvu, mtambaa wa porini ambao watu wa bara ya Kilwa na Lindi waliugema, wakauviringa utomvu wake madonge na kuyapeleka pwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mpira wa porini ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizotoka kusini kwenda Zanzibar na ng'ambo. Wajerumani wakaja na mpira mwingine wenye asili ya Brazili, wakaupanda mashambani, hasa upande wa Tanga na Muheza. Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yanatoa mpira mwingi kwa gharama ndogo, na mashamba mengi ya huku yakaachwa yageuke pori. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza wakakosa mpira wa vita. Wakayakumbuka mashamba yale ya Wajerumani, wakayafufua, na watu wakachukuliwa kwa lazima kwenda kugema. Babu zetu waligema mpira uliokwenda kuvalishwa magurudumu ya wenzao. Sisi tukaja kuununua mpira huo ukiwa ndani ya boksi dogo lenye maandishi ya Kijapani.

Na gari lenyewe hapa kwetu lilianza safari pamoja na shida ya spea. Tarehe 10 Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari aina ya Gaggenau ili avuke bara la Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21! Muda mrefu katika huo hakuwa anaendesha, alikuwa anangoja vipuri kutoka Ujerumani. Nilipomsimulia mjomba habari hii alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Huyo mzungu," akasema, "angepita Keko kwanza."

Keko ya mwaka 1907 isingemsaidia, kwa sababu fundi wa mtaani alikuwa bado hajazaliwa. Alizaliwa baadaye, kwa njia ya wizi. Nitaeleza. Wakati wa Waingereza mji uligawanywa: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Waswahili Kariakoo na Ilala. Mji ulipofurika watu katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ikapanga makazi ya Waafrika Temeke, Magomeni na Kinondoni. Gari lilikuwa la serikali, la kampuni au la tajiri, na gereji kubwa zilikuwa mali ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika aliingia humo kama spanaboi. Anaosha vyuma kwa mafuta ya taa, anashika taa, anapokeza spana, haelezwi kitu. Basi akaiba kwa macho. Jioni alirudi Temeke au Kinondoni ujuzi ukiwa kichwani, hakuna askari wa getini anayeweza kumsachi. Jumapili jirani mwenye gari bovu alimgongea mlango. Nimewasikia wazee watatu tofauti wakisimulia maisha yao, na kila mmoja alianzia hapohapo, kwenye karai la mafuta ya taa.

Halafu ikaja miaka ya 1970. Mwaka 1970 kampuni ya mabasi ya DMT, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilitaifishwa. Mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua mabasi ya mikoani, UDA ikachukua ya mjini. Wakati huo bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshapanda karibu mara nne. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, njia ya bidhaa za Nairobi ikakatika. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na magari mengi ya mashirika na ya raia yakachukuliwa kwenda vitani. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zikakauka. Kuagiza spea kulihitaji leseni na kibali cha fedha za kigeni, na waliokuwa kwenye foleni hiyo ni hospitali, viwanda na mafuta yenyewe. Nani angempa dola mwenye Datsun kuukuu wa Mwananyamala akanunue bushi?

Kulikuwa na kipindi ambacho magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali, ili kuokoa mafuta. Na barabara, we acha tu. Mitaa ilibaki mashimo, na shimo ndilo adui wa kwanza wa bushi. Kwa hiyo bushi zilikuwa zinakufa haraka kuliko zamani wakati uleule ambao madukani hazipo. Ukilitazama tatizo hilo kwenye karatasi, jibu lake ni kwamba magari yote ya mji huu yalipaswa kusimama kufikia mwaka 1982. Hayakusimama.

Hayakusimama kwa sababu kulikuwa na tairi. Mji wetu umepewa jina la Bongo kwa kuwa bila akili huishi, na mimi naona mafundi wana hisa yao kubwa katika jina hilo. Mjomba anaeleza kazi ilivyokuwa. Anachukua tairi lililokwisha, la lori hasa, maana lina tabaka nene. Pengine ni la General Tyre, kiwanda cha Arusha kilichotengeneza matairi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka kiliposimama mwaka 2009. Tairi hilohilo ndilo lililotoa katambuga za miguuni. Anapima upana wa tundu la ami kwa kijiti. Anakata kwa kisu kilichonolewa jiweni, akikichovya kwenye maji ya sabuni kila baada ya dakika ili kisishikwe na raba. Anapata visahani vitatu au vinne, anavitoboa katikati kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomo. Anavipanga, kisha anavivuta ndani ya ami kwa bolti ndefu na nati, akikaza robo raundi, anapumzika, anakaza tena. Mwenye pesa kidogo alikwenda kwa watu wa mashine za kukereza, Gerezani au Chang'ombe, akachongewa bushi ya nailoni.

Bushi ya tairi haikuwa sawa na ya kiwandani, na fundi mwenye akili timamu hakudai hivyo. Raba ya kiwandani imenata na chuma, kwa hiyo inajinyonga. Ya tairi haijanata, inateleza. Ikiteleza inasugua, ikisugua inapata joto na kulika, na nyuzi zilizomo ndani ya tairi zinaanza kuchomoza kama ndevu. Ilidumu miezi michache, na kwa gari la mzigo hata wiki chache. Ikifa, ilikatwa nyingine. Gari lilikwenda kazini kesho yake.

Nawaomba wasomaji tuutazame mwaka 1983 peke yake, maana umebeba mambo mengi. Mwaka huo UDA ilikuwa hoi, mabasi mengi yamelala yadi kwa kukosa spea, watu wanatembea kwa miguu kutoka Mbagala na Manzese kwenda kazini. Serikali ikakubali hatimaye kwamba magari ya watu binafsi yabebe abiria, yale yaliyokuwa yakifanya hivyo kwa kujificha. Yakaitwa daladala, kwa dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano. Katika hizo daladala za mwanzo kulikuwa na pikapu na vilori vilivyowekewa mabenchi na turubai, abiria wanatazamana kama watu walio kwenye kibanda cha chai na maharage. Zikaitwa chai maharage. Sasa piga hesabu mwenyewe. Pikapu iliyoundwa kubeba mzigo wa shamba, imejaa watu na mikungu ya ndizi na kuku, inashuka mashimo ya Tandika mara kumi na mbili kwa siku. Bushi yake inadumu muda gani? Na ni nani aliyekuwa anaibadilisha usiku, kwa mwanga wa koroboi, ili saa kumi na moja alfajiri iwe kituoni?

Mwaka huohuo wa 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Na mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Asiye na kazi inayotambulika alihesabiwa mzururaji, akakamatwa, akapelekwa shambani. Fundi wa chini ya mti alikuwa na kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku, ila haikuwa na leseni wala kitambulisho. Mjomba anasema wakisikia kuna msako waliacha gari juu ya mawe, wakajichanganya na watu sokoni, wakarudi hali ikitulia. Wakati mwingine waliporudi walikuta gari la ofisi fulani ya umma limepaki linawasubiri, limegongwa na mashimo, dereva wake anaomba wamfanyie haraka kwa sababu bosi hajui kama yuko pale. Mimi jambo hili hunichoma kila ninapolifikiria. Mkono mmoja wa dola ulikuwa unamtafuta fundi umkamate, na mkono wa pili unamletea gari alitengeneze.

Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, bajeti iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Pikapu zikaanza kuingia. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, akaja Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Mwaka 1986 nchi ikatia saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kufikia miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yanashuka bandarini, vipanya vikachukua abiria wa chai maharage, na maduka ya Kariakoo yakajaa spea zilizopitia Dubai. Bushi ikawa kitu cha kuingia dukani na kutoka nacho. Ungedhani historia ya bushi ya tairi iliishia hapo.

Haikuishia. Mwaka jana ilikuja gereji pikapu ya mama mmoja wa Mbagala anayefanya biashara ya viazi. Ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980, ya gurudumu mbili, ile ambayo mbele haina springi ya kuzunguka bali ina chuma kirefu kinachojisokota. Mama alilalamika kwamba akifunga breki akiwa na mzigo, gari inamvuta kuelekea magari yanayokuja. Si mchezo, hasa Barabara ya Kilwa. Na alikuwa amelipia bushi mpya kwa fundi mwingine miezi miwili nyuma.

Tukaziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, tukainua mbele, tukaweka stendi chini ya chasi. Mjomba hakubali mtu aingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kabla ya kulegeza kile chuma kinachojisokota, alikipiga alama ya rangi na kupima urefu wa uzi wa bolti yake, ili gari lisije likasimama limeinama upande mmoja. Ami ya juu ina bushi mbili na vibati vyembamba vinavyopanga mlalo wa gurudumu, na hivyo tulivihesabu na kuviweka katika makopo mawili, kulia na kushoto. Ami ya chini ina bushi moja kubwa. Kisha kuna fimbo ya chuma inayotoka ami ya chini kwenda chasi, ncha yake imebanwa na raba mbili. Hiyo ndiyo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma gari linapofunga breki.

Mjomba akachomoa zile raba za fimbo, akazigeuza kwenye mwanga. Zilikuwa nyeusi, zimepakwa rangi zing'ae. Akazikwaruza kwa bisibisi, nyuzi zikatokea.

"Tairi," akasema. "Huu ni wizi, mjomba."

Nikamwambia, "Lakini mjomba, si wewe mwenyewe ulikuwa unakata tairi?"

Hakukasirika. Alichukua muda akifuta mikono. "Mimi tairi alikuwa ananiletea mwenye gari," akasema. "Nakata anaona. Namwambia hii itakufikisha mwezi wa sita, ukisikia inagonga rudi. Huyu mama kauziwa tairi kwa bei ya dukani, na hakuambiwa arudi lini."

Nimelitafakari sana jibu hilo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wapo wanaozungumza juu ya miaka ile kwa dharau, kwamba mafundi wa mitaani walikuwa waganga wa kienyeji wa magari, wamezoea bandia mpaka leo. Wapo pia, hasa wazee, wanaoisifia shida yenyewe, kana kwamba kukosa bushi lilikuwa jambo jema. Mimi naona wote wamekosea. Kipande kilekile cha tairi mwaka 1983 kilikuwa kazi halali, na leo kikipakwa rangi ni utapeli unaoweza kuua. Kinachotenganisha ni kama mwenye gari anajua anachopewa. Mafundi wa kizazi cha mjomba walikuwa na kanuni hiyo bila kuandikiwa na mtu, katika mji uliokuwa umejaa magendo, na wakati sheria yenyewe iliwaita wazururaji. Hilo ni jambo la kihistoria, na halimo katika vitabu.

Mama wa viazi aliomba abadilishiwe upande mmoja kwanza, wa pili mwezi ujao. Mjomba akakataa kwa upole. "Mama, ukibadilisha mguu mmoja gari itaendelea kukuvuta. Hizi zinakwenda jozi. Nunua zote, yangu ya ufundi utanilipa kidogokidogo." Wakaelewana. Bushi za zamani zilitolewa kwa kuunguza raba na kukata ganda lake kwa msumeno wa chuma, moshi wake mweusi unakaa puani siku nzima. Mpya ziliingizwa kwa maji ya sabuni. Grisi hapana, mafuta yanaila raba taratibu. Tena bolti hazikukazwa kwa nguvu gari likiwa juu. Tulizishikiza tu, tukarudisha magurudumu, tukalishusha chini, tukalisukasuka likae kwa uzito wake, ndipo mjomba akaingia chini kukaza. Sababu yake ni ileile ya kujinyonga. Ukikaza gari likiwa hewani, miguu inaning'inia, raba inashikwa katika hali hiyo; likishuka chini inabaki imenyongwa saa ishirini na nne, hata usiku gari limelala. Itachanika mapema hata kama ni ya dukani. Hili nililiona limeandikwa katika kitabu cha Toyota baadaye sana. Mjomba hajawahi kukisoma. Alijifunza kutokana na bushi zilizokufa.

Baada ya hapo mama alitakiwa kwenda kupima mlalo wa magurudumu kwenye mashine, akaenda. Juzi nimeiona ile pikapu Tandika sokoni, imejaa.

Sasa tuangalie tulipo. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya VETA, na katika miaka ya karibuni mamlaka hiyo imeanza kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Ni jambo zuri, nampongeza aliyelifikiria. Lakini upande wa pili gereji zinasukumwa kila barabara inapopanuliwa. Mwaka 2017 majengo yaliyokuwa kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, yalibomolewa, na biashara nyingi za kando ya barabara zikaondoka nayo. Sikatai barabara pana, hata bushi zinaishukuru. Nasema tu kwamba gereji ikihamishwa, haihamishwi peke yake. Inaondoka na daftari la kichwani la wazee ambao ndio shule yetu ya kwanza ya ufundi, na daftari hilo halina nakala.

Mmarekani mmoja, Joshua Grace, alikuja akakaa katika gereji za Dar es Salaam, akajifunza kazi, akawasikiliza mafundi. Kitabu chake, African Motors, kilitoka mwaka 2021, kwa Kiingereza. Namheshimu kwa kazi hiyo. Lakini sisi tunaozaliwa umbali wa jiwe moja kutoka gereji hizo tunangoja nini? Sisi tunaoandika mashairi ya mapenzi na hadithi za wachawi (nami ninazo zangu), mbona hatuandiki habari za mtu aliyebadilisha miguu ya pikapu usiku ili wafanyakazi wafike kiwandani asubuhi?

Ndugu msomaji, kama mtaani kwenu kuna fundi mwenye mvi, chukua daftari uende. Muulize alikata bushi ya kwanza mwaka gani, tairi lilitoka wapi, aliyemfundisha ni nani na alimfundisha kwa maneno au kwa kofi. Muulize alijificha wapi wakati wa Nguvu Kazi. Usiende asubuhi, kazi inakuwa imepamba moto na utaambiwa ushike taa. Nenda jioni, wakati wananawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga.